Saa Tatu za Angani hadi Dublin

Rimgaudas, seremala wa jengo letu hapa mjini Kaunas, hakuwa akipanda ndege kamwe. Akiwa kijana katika jeshi la Kisovieti, aliamriwa kuokota miili ya wenzake baada ya helikopta kuanguka. Tangu hapo, akisikia mngurumo juu ya paa, alinyamaza hadi upite.

Kazi zilipokauka huku, mkewe Danguolė alikwenda Ayalandi kuchuma uyoga kwenye mabanda ya shamba moja. Alisema ni mwaka mmoja tu. Mwaka ukazaa mwingine, hadi binti yao Ugnė akamfuata. Kila Krismasi Danguolė alirudi, mikono imepasuka kwa unyevu, na kila akirudi walibishana mezani, nami jirani yao nikiwasikiliza.

"Ni saa tatu tu, mzee wangu. Kilomita elfu mbili hazifiki. Unasinzia kidogo, umefika Dublin."

"Nani atasinzia humo?"

"Basi beba randa yako uishike, ujione uko karakana!"

Tulicheka. Rimgaudas akamkatia mkewe mkate mweusi, akampa kile kipande cha pembeni anachokipenda.

Machi iliyopita Ugnė akapiga simu. Mama yake ameanguka bandani, damu imevujia kichwani.

"Baba, panda ndege ya leo. Tiketi nimeshakata."

Nilimpeleka mwenyewe uwanja wa ndege kwa gari langu. Alifika hadi pale pa kukaguliwa, akavua mkanda, akauvaa tena, akarudi niliposimama. Shati lilikuwa limelowa jasho.

"Siwezi, Birutė. Nipeleke stendi ya mabasi."

Akapita Poland, Ujerumani, Uholanzi, akavuka bahari mara mbili kwa feri. Danguolė alikata roho mumewe akiwa kwenye maji ya mwisho. Ugnė hakuthubutu kumwambia kwa simu, alimngoja bandarini. Rimgaudas alipoona binti yake amevaa nyeusi, aliweka begi chini, akalikalia.

"Aliniulizia?"

"Aliuliza umefika wapi. Nikamwambia Ujerumani. Akasema, 'Maskini, mgongo wake.'"

Jeneza lilikuwa lirudi kwa ndege. Ugnė akamwambia baba yake apande basi, mazishi yatamsubiri.

"Hapana," alisema. "Safari zote amekwenda peke yake. Hii hapana."

Ugnė alinisimulia kwamba tangu ndege iliporuka, baba yake alifumba macho, akang'ang'ania kiti, akawa anaongea na mkewe chinichini kana kwamba wamekaa jikoni. Magurudumu yalipogusa ardhi, akafumbua macho.

"Tumeshuka wapi?"

"Kaunas, baba. Tumefika."

"Safari yenyewe ndiyo hiyo tu?"

Ugnė akamfungulia mkanda wa kiti.

Niliwapokea nje. Rimgaudas alikuwa akiwatazama abiria wakitoka na mabegi yao, wakicheka, wakipiga simu kusema wamefika salama. Nikamshika mkono, tukaenda upande wa nyuma, kwenye mizigo, kulisubiri jeneza.