Mbwa wa Jumamosi na Picha ya Mume Wangu

Mwiko niliurusha pale ile sauti iliposema, "Haya, watoto, turudie mbwa wetu!"

Kabla ya hapo nilikuwa bado najishika. Nilikuwa jikoni nakoroga uji, Jumamosi asubuhi, saa ya salongo, ile kazi ya usafi ya muji wote, wakati maduka yamefungwa, magari hayapiti, na kila mutu ambaye hakushika jembe wala ufagio amejificha nyumbani kwake. Mutoto wangu alikuwa kwenye mukeka mbele ya televisheni. Nikamusikia anapiga makofi.

"Mama! Kuja uone! Bamemupata! Bamemupata papa!"

Nikakimbia na mwiko mukononi, uji unadondoka sakafuni. Kweli, ndani ya televisheni kulikuwa na sura ya mume wangu. Ilikuwa ile picha ya arusi ya dada yake, amevaa koti la kuazima. Mimi nilisimama pembeni yake siku ile. Wamenikata, umebaki mukono wangu tu kwenye bega lake. Chini ya picha, mustari mweusi. Na sauti, sauti ileile iliyokuwa inabweka na kuchekesha watoto muda mufupi kabla, ilikuwa inasoma polepole kwamba familia ina huzuni kubwa kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki kifo cha mwana wao mupendwa, na kwamba kilio kitakuwa kijijini Mumosho kwa mama yake muzazi, na misa itasomwa.

Mutoto hakusikiliza hata neno. Alikuwa anaruka, ameshika shati la baba yake kwa mikono miwili, anapiga kelele kuliko televisheni.

Picha ikatoka. "Haya, watoto, turudie mbwa wetu!" Mbwa wakarudi, wote watano, wanapanda mulima, ndimi nje. Hapo nikarusha.

Kioo kilipasuka katikati. Kwa muda mbwa waliendelea kukimbia, vichwa juu ya ufa, miguu chini ya ufa. Kisha giza. Mutoto aliniangalia kama mutu asiyenijua.

"Mama," akasema, "sasa batapitia wapi?"

Nieleze basi, maana majirani wa avenue yetu wanasema nimepata wazimu.

Hiki kituo ni cha hapahapa mujini, kidogo, kina vyumba kama viwili hivi na mulingoti. Katuni yao ya Jumamosi ni ya zamani, ya Kifaransa. Mbwa watano wanaishi ndani ya basi bovu, na kazi yao ni kutafuta watu waliopotea. Kila Jumamosi kuna mutu amepotea: mutoto porini, muzee kwenye baridi, mama kwenye pango. Ndugu yake analeta nguo ya yule mutu, mbwa wananusa, wanaondoka. Wanavuka mito, wanaanguka, wanadanganywa, wanagombana. Mwisho wanamuleta. Hakuna Jumamosi ambayo hawakumuleta.

Kwa sababu watoto wetu Kifaransa bado, kijana mumoja wa kituo anasema juu ya katuni kwa Kiswahili chetu. Ni yeye peke yake, mbwa wote watano. Ana kipaji, sikatai. Mbwa akisikia njaa, anaomba fufu na sambaza, visamaki vya ziwa letu. Wakifika kwenye muto anasema, "Weee, leo Ruzizi imekasirika!" Mume wangu alikuwa anakufa na kicheko. Kazi yake ilikuwa muchele: anashuka bondeni, Luberizi, kununua, anarudi mwisho wa wiki, na Jumamosi, kabla ya kupanda soko la Nyawera kuuza, anakaa na mutoto kwenye mukeka, wanabweka wote wawili.

"Munanipasua kichwa," nilikuwa nasema.

"Nyamaza, maman. Tuko ku kazi."

Halafu ikaja ile wiki ya vita, wiki ya masasi. Yeye alikuwa chini kule, kwenye muchele. Simu yake iliita bila kupokelewa, kisha ikaacha kuita. Madereva walioweza kupanda niliwauliza mumoja mumoja. Wengine walisema walimuona anatembea na watu wengi barabarani. Wengine walisema hapana, yule alikuwa mutu mwingine. Hospitali nilienda. Kwa mapadri nilienda. Niliingia hata mahali ambapo mwanamuke hawezi kwenda na akili yake yote.

Mwisho nilienda kwenye televisheni, kama watu wote wanavyofanya, nikaacha picha ili wamutangaze. Walimutangaza Jumamosi, katikati ya mbwa. Na aliyesoma ni yule kijana, kwa sababu hakuna mwingine. Anayebweka ndiye anayesoma waliopotea, ndiye anayesoma waliokufa. Hapumziki hata kidogo kati yao. Alisema: anatafutwa, amevaa hivi, urefu wake hivi, mwenye kumuona ajulishe familia. Kisha mbwa wakarudi.

Mutoto aligeuka akanitazama, macho yanawaka. "Basi bamesikia," akasema.

Kutoka siku ile, kila Jumamosi alikuwa anatoa shati la baba yake lililokuwa nyuma ya mulango, lile la kubebea mifuko, linanuka jasho na vumbi la muchele, anaenda kulibandika kwenye kioo ili mbwa wanuse. Siku moja nilitaka kulifua. Alilia mupaka akatapika. Nikaacha shati. Nikaacha na mbwa. Alikuwa anakula, alikuwa analala, alikuwa anasema Jumamosi ijayo, na mimi kitu kingine cha kumupa sikuwa nacho.

"Beko mbali sana," alikuwa ananieleza wakati anakunywa uji. "Beko mu mulima. Bakishuka tu, batafika Luberizi."

Sasa waambie watu wa avenue waniite tena kichaa.

Muchana wa siku ile ya mwiko nikamupigia mama mukwe, Mumosho. Alipokea haraka, kama mutu aliyekuwa amekaa na simu mapajani.

"Mama, nani alimuona mwana wako amekufa?"

"Na nani alimuona muzima?"

"Mungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Basi, mwana wangu." Nikasikia kuku nyuma yake. "Mimi nimechoka kumuombea kama mutu aliye njiani. Nataka kumuombea kama mutu aliyefika. Kuja ukae chini na sisi."

Kukaa chini, hilo ndilo neno. Kwao kilio hakishiki kama muke hajakaa kwenye mukeka, amevua viatu, kichwa kimefungwa kitambaa. Mimi nikikaa, mume wangu amekufa. Ndiyo maana walimutangaza kwanza. Sasa muji wote umemuona na mustari mweusi. Nikikataa kukaa, mimi ndiye muke aliyemunyima mume wake machozi. Na yule mama siwezi hata kumutukana vizuri. Nilimusikia analia kabla ya kukata simu, na alikuwa anamulilia mutu wake kweli, si wa mutu mwingine.

Jumatatu nikaenda kwenye kituo. Mulangoni kulikuwa na kijana mwembamba kwenye kiti cha plastiki, anakula mukate. Akasema, "Jambo, maman, karibu," na mbwa wote watano walikuwa ndani ya koo lake. Nilitaka kumupiga. Nilitaka pia aseme tena.

"Ni weye njo ulisoma mume wangu."

Aliuliza ni yupi. Nikamuambia: ule wa Jumamosi, mwenye mukono wa mutu kwenye bega. Akaweka mukate chini.

"Pole sana, maman."

"Usiniambie pole. Hajakufa. Hakuna mutu anajua. Na mutoto wangu anafikiri ni mbwa ndiyo walimupata. Kwa nini munasoma wafu katikati ya watoto?"

"Maman, samedi asubuhi njo saa batu bote beko ku nyumba, juu ya salongo. Kila familia inaomba iyo saa. Ukisoma mangaribi, nani atasikia? Moto ya umeme iko inakatika."

"Basi mutu mwingine asome."

"Nani? Benye balikuwaka hapa balikimbia. Nilibakia mimi na sekretere." Alijaribu kucheka. "Hata mbwa, nilikuwaka na mbwa mbili tu. Hizi zingine tatu nilirizi kwa benye balikimbia."

Nusu nicheke. Nilichukia ile nusu.

Kisha akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, na naamini alisema kwa roho nzuri: "Maman, ukipenda, samedi naweza kufanya ule mbwa mukubwa amusalimie mutoto. Amuambie kitu."

"Amuambie nini?"

"Weye njo utaniambia."

Pikipiki zilikuwa zinapita, wachukuzi wanapiga kelele watu wapishe. Nilitafuta. Amuambie alale? Amuambie angoje? Amuambie mbwa wamefika, wamenusa, hakuna kitu? Nimesoma mupaka mwaka wa sita wa sekondari, pedagojia, nimefundishwa namna ya kumueleza mutoto mambo magumu kwa maneno mepesi. Sikupata hata neno moja. Yeye pia, mwenye sauti tano, hakupata.

Ndani, sekretere aliniuliza bila kuinua macho, "Komunike?"

"Malalamiko."

"Hapa tunapokeaka komunike. Picha ya marehemu iko wapi?"

"Mulishaionyesha, maman. Ninataka muitoe."

"Tangazo ikishasomwa, imesomwa. Tuko na ya kifo, tuko na ya kupotea. Ya kusema mutu hajakufa, iyo hatuna."

"Andika mupya."

"Mutu akuje na yeye mwenyewe, basi," akasema, "tutamuonyesha muzima." Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza.

Nilimuomba karatasi, nikakaa kwenye ngazi, nikaandika. Aliipokea, akaigonga muhuri, akanipa kopi yangu, akaiweka yake juu ya rundo la wafu wa Jumamosi inayokuja. Hii ndiyo niliyoandika.

*

Bukavu

Kwa Bwana Direkta wa Kituo

Kuhusu: malalamiko juu ya tangazo la kifo cha mume wangu lililosomwa ndani ya katuni ya mbwa

Bwana Direkta,

Mimi niliyetia sahihi hapa chini ni muke wa yule muliyemutangaza kuwa marehemu Jumamosi iliyopita, wakati wa salongo.

Nalalamika kwamba mulitangaza kifo ambacho hakuna aliyekiona, na hamukumuuliza muke wake, ingawa picha ya kwanza ya kumutafuta niliileta mimi kwa mikono yangu katika ofisi hii.

Nalalamika kwamba mulikisoma katikati ya programu ya watoto, kwa sauti ileile ya mbwa wanaotafuta watu. Mutoto wangu, ambaye anaiamini hiyo sauti kuliko yangu, alipiga makofi.

Naomba wafu wasomwe mbele ya mbwa au nyuma ya mbwa, si katikati. Naomba kama sauti ni moja tu, inyamaze kidogo kati ya moja na nyingine, ili watoto wajue kwamba imebadilika. Naomba mutangaze kwamba mume wangu bado anatafutwa. Najua hamuna tangazo la namna hiyo. Naomba hata hivyo.

Televisheni niliivunja mimi mwenyewe na simudai mutu. Lakini nawajulisha kwamba mutoto anakaa mbele yake bado, imezimika, na shati amelibandika pale penye ufa. Ananiuliza mbwa wamefika wapi. Kwa kuwa ninyi ndio munawatuma, naomba munijibu kwa maandishi.

Nitapita Jumatatu ijayo kuulizia.

Muke wa anayetafutwa