Nilifuta Onyo la Boti ya Baba Mudogo

Jamani, mi ndiye mukosaji. Sitafuti muntu wa kumutupia lawama!

Niko mwanamuke wa muji wa Baraka. Kwa miaka kadhaa nimeandika blogu ya habari za huku kwetu Fizi: barabara, masomo, soko. Chini ya kila habari bantu balikuwa banabishana na kusahihishana. Hata bakubwa ba bureau, ofisi ya serikali, balisoma kwa kujificha. Nilijivuna sana!

Siku moja mama mumoja, mukimbizi wa Burundi anayekaa kambi ya Lusenda, aliandika kwenye maoni. Yeye huvuka ziwa kwa boti kwenda Ubwari kununua samaki. Alisema: "Ile boti ya kijani inaingiza maji kwa nyuma, chini ya mbao. Jana tulichota maji na bido, dumu la plastiki, njia yote. Mujihadhari."

Mungu wangu! Boti ya kijani ilikuwa ya baba mudogo, ndugu ya marehemu baba, aliyenilea.

Maoni yakamiminika. Mumoja anasema na yeye aliona. Mwingine anauliza kwa nini boti zetu hazina jile, makoti ya kuokoa bantu majini. Mazungumzo ya maana kabisa! Kabla ya adhuhuri baba mudogo alikuwa mulangoni kwangu.

"Binti yangu, unaacha muntu wa kambi atuharibie jina?"

"Baba, na kama ni kweli?"

"Mi nimekulia ndani ya boti! Yeye ni mulimaji, anajua nini ya ziwa? Toa ile maneno. Sasa hivi, mbele yangu."

Nilitoa. Yote! Nikamufungia yule mama asiandike tena. Kisha nikaandika: "Ile ilikuwa fitina. Boti iko salama." Salama! Na sijainama hata mara moja kuangalia zile mbao.

Halafu mwalimu mumoja, mwanamuke wa Ubwari, akauliza. Hatukuwa tumeonana uso kwa uso, lakini alikuwa musomaji wangu wa kila siku. Alinibishia kwa heshima, alinisahihisha hata herufi. Aliandika: "Dada, niko Baraka. Kesho asubuhi narudi na karatasi za mitihani ya batoto. Nipande ile, ama ningoje ingine?"

Nikajibu maneno mawili: "Panda, mama."

Kesho yake upepo ulianza kama saa ine ya asubuhi. Simu ya kwanza ilisema boti imechelewa. Ya pili ikasema inaonekana kwa mbali, imelala upande.

Nilikimbia mpaka kando ya ziwa. Bamama balikuwa bamesimama ndani ya maji mpaka magoti, kila mumoja anaita jina la muntu wake. Baba mudogo alikuwa anazunguka tu. Mi nilishika telefone, namwandikia mwalimu: "Mama, uko wapi? Jibu!"

Bavuvi balianza kuleta bantu, bachache bachache. Kila mwanamuke aliyeshuka nilimushika mukono: "Ni we mwalimu?" Maana sura yake sikuijua!

Bote balirudi, isipokuwa yeye.

Nilivuka mpaka Ubwari kumwona bwana yake. Nilimwambia yote.

"Alikuuliza?" akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na ulijua kuna muntu amesema ile boti ni mbovu?"

"Nilijua."

Aliingia ndani, akafunga mulango polepole. Heri angenipiga!

Yule mama wa Lusenda nilimufungulia, nikamuomba musamaha. Alinijibu: "Sitaki pole. Rudisha maneno yangu, bantu basome." Lakini nilikuwa nimeyafuta kabisa. Ikabidi yeye aandike upya, na mi nikaandika chini yake nilichofanya. Tangu siku ile baba mudogo anasema mi si mutoto wake tena. Ndugu banafanya sherehe, mi nasikia kwa majirani.

Ninyi munaoongoza kurasa na makundi, sikieni! Muntu akiandika jambo linaloumiza ukoo wako, usikimbilie kufuta. Muulize ameona nini. Enda uangalie kwa macho yako. Acha bengine babishe.

Na we uliyefutwa, uliyeambiwa wewe ni mugeni, hujui kitu: andika tena. Bakikufungia huku, andika kule. Nakuomba, usinyamaze!