CD Tatu za Ubatizo

Mimi nashuku kila kitu, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Kaa miaka kumi na moja kwenye stoo ya spea ya shamba la ngano la serikali, uone kama hutashuku hata kivuli chako. Pale uwanda wa Hanang niliona kombaini ya kuvunia ambayo rangi yake haijakwaruzika ikilala juani misimu mitatu kwa kukosa beringi moja. Waliotuletea walikuwa wamekwisha kuacha kuitengeneza, na beringi ya toleo jipya haikuingia. Wakubwa wakija kusifia mashine, mimi niliuliza swali moja tu: spea yake itapatikana mpaka lini? Walinichoka.

Siku nilipopeleka mkanda wetu wa video mjini Katesh ili uhamishiwe kwenye CD, nilikwenda na swali hilohilo.

Ulikuwa mkanda wa ubatizo wa binti yangu. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miezi kumi, na mkanda ulitufikia yeye ameshazikwa, na sikuwa na moyo wa kuutazama. Picha za karatasi zilikuwepo mbili, na zote amekunja uso. Mahali pekee ambapo mke wangu alikuwa bado anatembea na kusema ni kwenye mkanda ule. Shamba nalo lilikuwa linafungwa, tunapunguzwa kwa mafungu, na deki ya kanda ya klabu ya wafanyakazi ilikwisha kuuzwa. Ukungu ulishaanza kuuingia mkanda. Nilichotaka ni kimoja, binti yangu akikua amwone mama yake na amsikie.

Fundi, mtu wa maneno mengi, alinishauri nichukue DVD, eti picha yake ni safi. Nikamuuliza kama deki za CD zinaisoma. Akasema hazisomi. Je, deki ya DVD inasoma CD ya kawaida? Inasoma bila shida. Basi bwana, nikamwambia, kwa nini ninunue bolti inayoingia trekta moja wakati ipo inayoingia yote mawili? Nikachukua CD, nakala tatu. Niliketi pale dukani muda wote wa kunakili, nimeikodolea macho mikono yake, asije akanibadilishia mkanda. Mimi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kioo cha televisheni chenyewe sikukitazama.

Kwetu huku, awe Mwiraqw awe Mbarabaig, mwenye akili haweki ng'ombe wake wote kwenye boma moja. Mmoja humweka kwa rafiki, mwingine kwa shemeji, ili ugonjwa ukija usifagie wote. Ng'ombe na ndama wanabaki wako, maziwa anakunywa anayemtunza. CD zangu nilizigawa hivyohivyo. Ya kwanza nilimpelekea rafiki yangu wa Hirbadaw, Mbarabaig, mzee wa heshima, niliyemwamini kuliko wote kwa sababu kwake hapakuwa na umeme. Nani angeichezea? Ya pili nilirudi nayo nyumbani Dongobesh, nikaizungushia karatasi yenye grisi kama nilivyozoea kuhifadhi beringi, nikaifungia kwenye sanduku la chuma. Ya tatu nilimwachia shemeji yangu, mdogo wa marehemu, palepale Katesh, na roho haikunitulia.

Shemeji alikuwa na umeme, deki na mdomo. Nilimwambia CD isichezwe mpaka binti apate kipaimara, kwa sababu kila kinachozunguka kinalika, hilo stoo ilinifundisha. Akasema sawa, shemeji. Sikumwamini hata kidogo. Mtoto alikuwa akienda kwake kila likizo, na kila nilipokwenda kumchukua, kabla sijagusa chai niliomba CD yangu, nikaielekeza dirishani kutafuta mikwaruzo. Mwaka wa kwanza niliona miwili. Mwaka wa nne ilikuwa imejaa.

Hapo nilifoka. Nilimwambia anakula urithi wa mwanangu, anaonyesha majirani sinema, anirudishie mali yangu leo hii. Alikuwa anapeta mchele. Hakuacha kupeta.

"Shemeji," akasema, "ng'ombe ukimweka kwa mtu, maziwa ni ya nani?"

Mila ni mila, na hiyo niliitumia mimi mwenyewe. Nikaondoka bila CD, na tangu siku hiyo salamu yangu kwake ikawa ya mlangoni; mtoto aliendelea kwenda, nami nikishaikagua CD naondoka naye. Binti yangu naye aliniuliza mara mbili tatu kuhusu mkanda wa mama, nikamwambia asubiri. Akasema haya, baba. Nilijisifu kwa watu kwamba nina mtoto mtiifu.

Wiki ya kipaimara ikafika, miaka kumi na mitatu baadaye. Nikanunua deki, nikaazima televisheni, nikafungua sanduku. Karatasi ilikuwa imegandana na CD, na nilipoibandua ilitoka na ule utando wake wa rangi ya fedha wa mgongoni. Nikabaki nimeshika plastiki tupu, kidole changu kinaonekana upande wa pili. Grisi yangu ndiyo iliyoila.

Nikaenda Hirbadaw mbio. Rafiki yangu aliishusha ya kwake kutoka juu ya jiko kwa mikono miwili, imefungwa kwenye kitambaa safi, akaniambia kwa fahari kwamba hakuna aliyeigusa. Moshi na joto vilikuwa vimeikunja kama chapati. Nilimshukuru sana. Ningemwambia nini?

Ikabaki ya shemeji, ile yenye mikwaruzo. Nilikwenda Katesh na binti yangu, na njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kumlaumu shemeji. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kama na hiyo imekufa, basi mke wangu amekufa mara ya pili, na safari hii nimemuua mimi kwa kumtunza.

Nilimweleza shemeji yote. Hakunicheka. Alisema ya kwake nayo ilikufa zamani. Ilianza kukwama kwenye sehemu ya watu wanapotoka kanisani, na kwa kuwa alikuwa anaicheza aliona siku ileile, akaikimbiza kwa fundi akapata DVD. DVD ilipoanza kusitasita akaihamishia kwenye flashi. Ile CD niliyokuwa naikagua miaka yote ilikuwa ganda tu. Hakuniambia kwa sababu ningefoka, na kweli ningefoka.

Nikamuuliza alikuwa akiicheza kwa ajili ya nani mpaka ikachakaa vile. Akamtazama binti yangu. Binti yangu akatazama chini.

Flashi ikachomekwa. Mke wangu akatoka mlangoni kwenye ile nyumba yetu ya shambani, mtoto kifuani, mkono mmoja umeinuliwa kumzuia mpiga picha. Akasema kitu. Naapa sauti ile sikuitambua. Ilikuwa nyembamba na ya haraka kuliko ile niliyoibeba kichwani, nikadhani ni mwanamke mwingine aliye nyuma ya kamera. Halafu nikasikia inatoka pande mbili. Binti yangu, pembeni yangu, alikuwa anasema pamoja na mama yake, neno kwa neno, kwa mwendo uleule.

"Usinipige picha mimi, bwana, mpige mtoto. Mimi si nipo tu."

Nililia mbele yao, mtu mzima. Nikaomba irudishwe nyuma. Binti alishika rimoti, akairudisha picha, akaisimamisha mahali penyewe bila kubahatisha, kisha akanigeukia.

"Baba, kwani wewe hujawahi kuiona?"

Nikamwambia sijawahi. Akasogea, akanipisha nikae karibu na kioo.