Mbweha Aliyemchana Basilia Nywele

"Vua kofia, shemeji. Vua tu, tumalize."

"Sivui. Kofia hii nilivishwa na kaka yako siku ya harusi. Mwite atoke kaburini aje anivue yeye."

"Unaficha nini humo? Kitana?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya, cha watu wenye njaa ya kesho. Mvua ya mawe ilikuwa imekoma muda si mrefu, na uani kwa Basilia barafu ilikuwa bado inafika kwenye vifundo vya miguu. Tulisimama humo humo, kaya ishirini na mbili, kila mtu katoka kutazama viazi vyake. Hapakuwa na cha kutazama. Ilikuwa Februari, viazi vya kupanda katikati ya msimu ndiyo kwanza vimetoa maua, na mawe yale yalivitwanga vikawa uji wa kijani. Kwa Fulgencia hata kuku wawili walikufa. Yeye alikuja na kuku mmoja mkononi, amemshika miguu, anamtikisa hewani kila anaposema.

Aliyekuwa anadai kofia ivuliwe ni Severo Huarachi, mdogo wa marehemu Gumercindo, mume wa Basilia. Na Basilia mwaka ule ndiye alikuwa mlinzi wa mashamba, wa kufukuza mvua ya mawe na baridi.

Zamu ya ulinzi kwetu huzunguka nyumba hadi nyumba. Nyumba ikikataa zamu, ngwe zake za shamba zinakwenda kwa ndugu. Gumercindo lori lilimwangukia kwenye mteremko mwezi wa nane, na zamu ikaangukia nyumba yake mwezi wa kumi, viazi vya kwanza vinapoingia ardhini. Severo alikuja na chupa ya pombe kali na maneno laini. "Shemeji, mwanamke hawezi kupuliza baragumu. Niachie zile ngwe nne, mimi nitakulisha." Basilia akamwambia, "Mapafu ninayo. Pombe yako weka hapo, nitawapa ardhi na mawingu." Akachukua baragumu, kombeo na mzigo wa fataki, akapanda kwenye kibanda cha mlinzi kule ukingoni. Akakaa huko miezi mitano.

Sitamsifu kupita kiasi, maana alikuwa mbishi na mchoyo wa samadi, na hata mawingu aligombana nayo kwa majina. Lile jeusi linalotoka upande wa ziwa alikuwa analiita Mama Mkwe. Lakini hali ya hewa aliijua. Alasiri, pua ya kondoo ikikauka na mbingu ikawa bluu tupu bila hata uzi wa wingu, alijua sakitu, ile baridi ya kugandisha, inashuka usiku huo kuchoma majani. Basi anakusanya majani mabichi na samadi yenye unyevu, anawasha moto wa kuficha, si wa miali, moshi unalala juu ya viazi kama blanketi. Mwezi wa kwanza alituokoa mara mbili. Wanawake walichosema ni kwamba nguo zao zimenuka moshi.

Na masharti aliyashika yote. Mlinzi hali chumvi, halali na mtu, hachani nywele. Kitana kikipita kichwani kwa mlinzi, kila unywele unaong'oka unavuta uzi wa mawe kutoka juu. Hayo hatukuyatunga sisi, tuliyakuta.

Sasa, habari ya kitana ilitoka wapi? Ilitoka kinywani mwangu mimi Casimira.

Wiki moja kabla, tulikuwa tunasokota sufu uani kwangu, kundi la wanawake, na mimi nawasimulia kama kawaida. Niliwasimulia mwaka wa utoto wangu mawe yalipoanguka makubwa kama kondoo, mama yangu akayaweka mawili mlangoni tukayakalia kama vigoda mpaka Pasaka. Niliwasimulia baridi ya mwaka niliozaa mwanangu wa kwanza, kivuli changu kikaganda ukutani, nikakibandua kwa maji ya moto, na hadi leo kina tobo begani. Walicheka mpaka nyuzi zikakatika. Nikaongeza: "Na jana nimepita kibandani kwa Basilia, nimemkuta kalala, mbweha kakaa nyuma yake anamchana nywele kwa kucha. Anambembeleza amwachie kondoo mmoja." Wakacheka zaidi.

Severo alikuwa nyuma ya ukuta anafunga punda. Akamtoa mbweha, kucha akazigeuza kitana.

"Bibi Casimira mwenyewe kasema," alisema pale uani, mkono umeninyooshea. "Si ulisema, Bibi? Si ulimwona anachanwa?"

"Nilisema mbweha," nikasema.

"Alichanwa au hakuchanwa?"

"Severo, mwanangu, ile ilikuwa hadithi."

"Watu wazima hawatungi hadithi juu ya mlinzi." Na wote wakaguna kumkubali, hata wale waliocheka uani kwangu mpaka machozi. Nami nikanyamaza. Viazi vyangu pia vilikuwa uji.

Mzee Hilarión, kiongozi wetu wa mwaka ule, fimbo ya madaraka mkononi na mjeledi umezungushwa begani, akasogea. Alikuwa mtu wa taratibu, anayeogopa kelele kuliko dhambi. "Basilia, mwanangu. Vua kofia. Kama ni safi, sote tunakwenda nyumbani."

"Nimepuliza baragumu mpaka midomo imepasuka, Mzee. Tazama. Nimerusha fataki zote. Yule Mama Mkwe alikuja na mwenzake, wawili, mimi mmoja. Mlikuwa wapi ninyi?"

"Vua."

Hakuvua. Fulgencia akamtupa kuku wake, akaruka akaipiga kofia kwa nyuma, ikaanguka kwenye barafu.

Nimeona mambo mengi, na mengine nimeyaongeza mwenyewe, lakini hili siliongezi. Zile hazikuwa nywele tena. Zilikuwa mkeka. Misuko yake miwili ilikuwa imeshikana na majani, masizi na manyoya ya kondoo ikawa kitu kimoja kigumu kama kwato, na chini yake, shingoni, chawa walikuwa wanatembea mchana kweupe. Kitana hakijapita pale tangu mwezi wa kumi. Hata punda wa Severo alikuwa na nywele nzuri zaidi. Basilia alisimama ameinamisha uso. Ndipo nikaelewa kwa nini hakutaka kuvua: alikuwa na aibu. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akitembea sokoni na misuko mpaka kiunoni, wanaume wakigongana na nguzo.

Mimi nikafikiri, haya, wataokota kofia, watampa.

"Basi kama si kitana," akasema Severo polepole, "ni kile kingine."

Na kila mtu akajua ni kipi. Kwetu, msichana akitoa mimba akaifukia kimya kimya bila maji ya ubatizo, yule mtoto hulia huko ardhini, na kilio chake hupanda juu na kurudi kama mvua ya mawe. Macho yote yakaondoka kwa Basilia yakaenda mlangoni. Pale mlangoni alisimama binti yake, Delfina, miaka kumi na tisa, aliyerudi kutoka mjini El Alto wiki mbili tu nyuma, kajifunga shali mbili kifuani.

"Karudi ghafla," akasema Fulgencia. "Mbona hakungoja Kanivali?"

"Nimerudi kumsaidia mama," akasema Delfina.

"Na shali mbili?"

"Baridi, mama Fulgencia! Wewe una mafuta yako, mimi nina shali."

Mwingine angecheka. Hakuna aliyecheka. Mzee Hilarión akanigeukia, maana wakunga wengine wote wamekufa nimebaki mimi. "Bibi Casimira. Mwingize ndani umkamue. Akiwa na maziwa, tutajua."

Delfina alikuwa mweupe kwa hasira, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. "Njoo, Bibi," akasema kwa sauti wote wasikie. "Njoo uniangalie. Sina kitu. Mama, sina kitu, waache waangalie."

Basilia alimtazama binti yake. Alizitazama shali, akamtazama uso, akazitazama tena shali. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, niliona jinsi jicho lilivyokuwa linahesabu miezi.

"Usimguse mtoto wangu," akaniambia. Kisha akamgeukia Hilarión. "Ni mimi. Nilichana nywele."

"Mama!"

"Nyamaza. Nilichana, Mzee. Jumapili. Kwa kitana. Mbweha hakuwapo."

Kaya ishirini na mbili zilikuwa zinautazama ule mkeka wenye chawa. Hata kipofu angeupapasa akajua. Na kaya ishirini na mbili zikashusha pumzi, kama watu walioambiwa mgonjwa wao ana ugonjwa unaojulikana jina.

"Amekiri," akasema Hilarión, akaufungua mjeledi begani.

Vilikuwa viboko vitatu, si kwa nguvu sana, juu ya sketi zote tano alizovaa. Severo alihesabu kwa sauti, kana kwamba tatu ni hesabu ngumu. Kisha Hilarión akatamka kuwa nyumba iliyovunja ulinzi haishiki ngwe, na ngwe nne zinakwenda kwa ndugu wa mume, na ndugu wa mume asimwache mjane afe njaa. Severo akavua kofia yake kwa heshima. "Nitamlisha," akasema. "Nilishasema tangu mwanzo."

Watu wakatawanyika wakikanyaga barafu. Fulgencia akarudi kumwokota kuku wake.

Mimi nilibaki. Niliingia jikoni kuchemsha maji, si kwamba yana faida, huku kwetu juu milimani maji huchemka mapema na maharage hayaivi mpaka kesho kutwa, lakini mikono ilitaka kazi. Delfina akanifuata ndani, akafunga mlango. Akazitupa shali zote mbili, akafungua vifungo hadi chini, akachukua mkono wangu akauweka kifuani pake. Nimewashika wanawake kwa miaka hamsini. Nilimkamua huku na huku, nikamtazama tumbo. Yule msichana hakuwahi kubeba hata wazo la mtoto. Alikuwa mkavu kama unga.

"Umeona?"

"Nimeona, mjukuu wangu."

"Mama yangu hakuniuliza, Bibi. Angeniuliza tu. Neno moja." Akafunga vifungo, akakosea, akafungua, akafunga tena. "Mbele ya wote wale, akaamua yeye kuwa ni kweli. Mwambie ulichokiona. Au usimwambie. Mimi naondoka."

Akapanda lori la Alhamisi. Mama yake alimpelekea viazi vya njiani hadi barabarani, Delfina akavipokea kama mtu anavyopokea mzigo wa mwenzake, akakaa amempa mgongo. Basilia akarudi nyumbani anatembea wima. Aliniambia, "Bora ngwe ziende, Bibi. Mtoto angetembezwa uchi. Sasa yuko salama na siri yake."

Nilikuwa na mdomo, na wote mnajua mdomo wangu. Ila nikimwambia binti yako hakuwa na siri, ataniuliza basi haya yote yalianzia wapi, na nitalazimika kuanza kwa mbweha. Nikamwambia kondoo wake wanapendeza.

Mwezi wa sita ulifika, na baridi ile tunayoingoja mwaka mzima. Viazi vya mwisho, vile vichungu alivyopanda Basilia mwenyewe katika ngwe ya chini, mawe hayakuvipata maana vilikuwa bado vifupi ardhini. Vilikuwa vingi. Severo alivichimba, akavitandaza juu ya majani makavu, sakitu ikavigandisha usiku tatu mfululizo, na jua likitoka tunavikanyaga kwa miguu mitupu kutoa maji, ili vikikauka viwe chuño wa kuliwa miaka kumi. Severo alitualika wanawake saba. Miguu ilikuwa imekufa ganzi hadi magotini. Ukikanyaga, kiazi kinalia chwi, ngozi inabanduka, maji meusi yanapita katikati ya vidole.

"Viazi vizuri hivi," akasema Fulgencia. "Severo ana mkono mwema."

"Mkono wa Severo uliviona vikiwa vimeshakomaa," nikasema.

"Haya, umeanza." Akakanyaga, akapumua. "Lakini Bibi, tuambie sasa, tuko wenyewe. Uliingia jikoni na yule msichana. Nilikuona, nilirudi kumchukua kuku. Mlango ukafungwa. Ulimkuta na nini?"

Wengine wakaacha kukanyaga. Sita walisimama na mguu mmoja juu, kama korongo.

"Si mama yake kakubali viboko kwa ajili ya hayo hayo?" akasema mke wa Hilarión. "Mtu hakubali viboko bure. Maziwa yalikuwapo. Sema tu, Bibi."

"Maziwa!" nikasema. "Ninyi mna akili au mna chuño humo kichwani? Nilimshika kwa mikono hii miwili. Yule mtoto hakuwa na kitu chochote. Basilia alipigwa bure, akanyang'anywa ngwe bure, na binti yake kamkimbia kwa sababu—"

Fulgencia alinikanyaga mguu. Nikageuka. Basilia alikuwa ameshafika ukingoni mwa ngwe, kikapu kitupu mgongoni, amekuja kuomba kibarua cha kukanyaga. Alivua viatu, akaviweka sambamba kwenye majani, akaingia katika mstari kati yangu na mke wa Hilarión.

"Endelea, Bibi," akasema. "Kwa sababu gani?"