Namba Iliyojaa

Wenzake ofisini humwita Mama Saa, kwa kuwa kazi yake ni kurekebisha programu zinazohesabu muda ndani ya mashine za hospitali. Husoma kwa kunong'ona, kidole kikigusa kioo cha kompyuta mstari kwa mstari, na chai yake hupoa kila siku bila kuonjwa. Asubuhi moja muuguzi alipiga simu: pampu ya dripu wodini ilikuwa imeganda baada ya kuwaka siku arobaini na tisa mfululizo. Mgonjwa alinusurika chupuchupu. Kabla ya saa sita Mama Saa alikwisha kuona kilichotokea: namba ya kuhesabia muda ilijaa hadi kikomo chake, ikarudi sifuri, na pampu ikabaki ikisubiri wakati uliokwisha kupita. Akairekebisha hesabu, akaijaribu mara ishirini.

"Tuwaambie tu wauguzi wawe wanaizima na kuiwasha kila mwezi, Mama," bosi alisema.

"Hapana, bosi. Pampu zote ziwekewe programu mpya leo."

"Kwani nani aliandika upuuzi huu?"

Miaka tisa ilikuwa imepita tangu programu hiyo iandikwe, na hakuna mwingine aliyekumbuka.

"Mimi," Mama Saa alisema bila kumung'unya maneno, akavuta simu na kuanza kuzipigia hospitali zenye pampu hizo, moja baada ya nyingine.