Roboti Iliyosimama Kwenye Kona

Msimu wetu wa kwanza wa mashindano, msichana aliyeandika programu ya roboti yetu alifariki wakati wa likizo ya katikati ya muhula. Alikuwa akivuka mto wa mchanga, ule usio na maji ila mvua inyeshapo, karibu na kwao, upande wa Mbumbuni. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, vilimani. Pale alipokuwa palikuwa pakavu kabisa. Maji yalimkuta katikati.

Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia na mlezi wa klabu ya roboti. Baada ya mazishi, wenzake waliingia maabara wakaiwasha roboti. Ikaenda, ikafika kona, ikasimama kidogo, ndipo ikakunja. Ni yeye aliyeipangia hivyo. "Ikikunja mbio inateleza," alizoea kusema. "Iacheni ifikirie." Tulikuwa tukimcheka. Siku hiyo mmoja wao alitoka nje analia.

"Madam, kwenye mashindano kule Kitui wanaangalia muda," nahodha mpya aliniambia. "Tukitoa huko kusimama, tuna nafasi."

"Basi toa."

Alikaa mbele ya kompyuta kitambo kizima, kisha akanisogezea kibodi. "Mimi siwezi. Toa wewe."

Nami sikuweza. Tukaenda nayo hivyo hivyo.

Ukumbi wa Kitui ulijaa shule zenye fulana za rangi moja. Sisi tulikuwa na sweta zetu. Zamu yetu ilipokaribia, mama wa marehemu akaingia, kitambaa cha kanisa kichwani. Hatukuwa tumemwalika.

"Mwalimu, ni gani hiyo ya mtoto wangu?"

Nikamwonyesha. Roboti ikaanza safari, ikafika kona, ikatulia. Mama akainuka kitini.

"Imeharibika?"

"Hapana, mama. Inafikiria."

"Hata yeye alikuwa hivyo," akasema polepole. "Ukimtuma, lazima asimame mlangoni kwanza."

Hakuketi tena mpaka roboti ilipomaliza. Ilimaliza bila kuteleza, na tukawa karibu na mkia. Wasichana wetu hawakuonekana kujali. Walikuwa wakimtazama mama.

Akanivuta kando, akanishika mkono kwa nguvu.

"Niambie, mwalimu. Wewe uliijua akili yake. Unafikiri pale mtoni, aliposikia maji, alisimama kwanza, badala ya kukimbia?"

Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimewaambia wanafunzi wangu wote kwamba hekima ni kusimama kabla ya kukunja.

"Sijui, mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akaachilia mkono wangu. Wasichana wakampisha kwenye benchi, wakala naye mkate na soda.

Msimu uliofuata tuliifungua roboti ile tupate vipuri, na wanafunzi wapya wakaandika programu yao. Yao ilikunja kona kama upepo, wakarudi na kikombe. Nilipiga makofi pamoja na wengine, huku macho yangu yakipita kiti hadi kiti, nikimtafuta mama yule. Hakuja.