Vigelegele vya Vitenge

Sogeeni karibu wajukuu, na redio punguzeni kidogo, niwasimulie niliyoyaona Ruhuwiko.

Mama mmoja, jirani yangu, aliamka asubuhi masikio yakimlia kama nyenje. Tangu hapo hata kijiko kikigonga sahani kinamchoma kichwani. Ikafika sendofu ya kumuaga bintiye, spika zikafunguliwa, naye akajifungia chumbani. Sasa nani amkabidhi binti kwa wakwe?

Shangazi wa binti akamwendea mshereheshaji. “Zima hiyo.”

“Shangazi, bila muziki si itakuwa matanga?”

“Matangani watu wanalia, baba. Hapa hatakohoa mtu.”

Akavua kitenge cha begani, akakipunga juu, midomo ameifumba. Wanawake wote wakamfuata, vitenge vikapepea uwanja mzima. Mama akatoka, tukasikia kandambili zake tu, akamshika binti mkono na kumkabidhi.

“Mlio bado upo,” akanong’ona, “lakini nimeshangiliwa.”

Uzee wangu wote nilidhani kigelegele ni koo!

Kitenge cha shangazi amekirithi binti. Mtaa umerithi desturi: mama yule akitokea kwenye shughuli, mshereheshaji anazima mwenyewe.